Faili Moja Liachwe Nje

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kutengeneza programu, Kijitonyama, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na ninyi wadogo zangu mliojaa mpaka mlangoni. Wakubwa, shikamooni, nawaona kama wawili hivi. Waliobaki wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya mwonekano wa programu za kompyuta. Mada pana hiyo, na saa ya chakula iko karibu. Nitachukua kipande kimoja ninachokifahamu kwa sababu nimekishika kwa mikono yangu: skini. Yaani zile sura za kuvalisha programu, unazibadilisha upendavyo, zilizotamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini mpaka simu za mguso zilipotuteka. Wengi wenu wakati huo mlikuwa mgongoni kwa mama, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Tuanze na Winamp. Ilitoka mwaka 1997, kazi ya vijana wawili, Justin Frankel na Dmitry Boldyrev. Kazi yake ilikuwa kupiga nyimbo za MP3, basi. Mwaka 1998 likaja toleo la pili, na hapo ndipo skini zilipowashika watu. Mwaka 1999 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, wakainunua kampuni ya Frankel, Nullsoft, kwa mamilioni ya dola. Huko kwao hiyo ilikuwa habari ya biashara. Hapa kwetu hakuna aliyejua mmiliki ni nani wala aliyejali. Tulichojua ni kwamba kila kompyuta yenye spika ilikuwa na Winamp: kafe za intaneti za Posta, stesheneri za Mwenge, studio za kurekodia, kumbi za harusi, na vibanda vya kuchoma CD vya Kariakoo. Bongo Fleva ilikuwa imepamba moto, na wimbo ukivuja leo, kesho uko kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa niwaambie skini ilikuwa kitu gani hasa, maana hapa ndipo penye utamu.

Ulikuwa unashusha faili lenye kiishio cha wsz. Linaonekana kama kitu cha siri, kumbe ni zip ya kawaida, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja, iliyobadilishwa jina tu. Ukilirudishia jina la zip na kulifungua, unakuta picha za BMP na mafaili machache ya maandishi. Picha moja inaitwa main, ndiyo uso wenyewe wa programu: upana pikseli 275, yaani nukta ndogondogo za kioo, kimo pikseli 116. Nyingine inaitwa cbuttons, na humo mna vitufe vya kupiga, kusimamisha, kurudi nyuma na kwenda mbele. Safu ya juu ni vitufe vikiwa vimetulia, safu ya chini ni vitufe hivyohivyo vikiwa vimebonyezwa. Nyingine ni tarakimu za saa ya wimbo, sifuri mpaka tisa, umezichora mwenyewe. Halafu kuna volume, na hiyo ndiyo iliyokuwa inapima uvumilivu wa mtu: ina picha 28 zilizopangwa juu hadi chini, moja kwa kila hatua ya kupandisha sauti. Mwenye subira alichora rangi ikipanda kutoka kijani, ikaja njano, ikamalizia nyekundu ya kuogofya. Mvivu alinakili picha moja mara 28. Ulikuwa ukiifungua skini ya mtu unamjua tabia.

Fikirini khanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, na mpangilio huo hauvunjwi. Lakini hakuna mwanamke wa Pwani atakayekubali kwamba doti zote dukani ni sawa. Winamp ilikuwa hivyo. Kitufe cha kupiga kilikaa palepale kwa kila mtu, upana ulikuwa uleule. Ndani ya mipaka hiyo watu walichora mbao, chuma cha kutu, gari, uso wa katuni, redio ya babu, bendera, na mambo mengine ambayo mwenyekiti hataki niyataje mbele yenu.

Nitawapa mfano mmoja wa hapahapa. Mtaa wa Aggrey kulikuwa na kijana anachoma CD kwenye kibanda kilichoshikana na duka la vitambaa. Simtaji, leo ni mtu mzima na ana heshima zake. Alikuwa na monita ya chogo, ameigeuza ielekee njiani ili mteja aone orodha ya nyimbo na kuchagua. Akagundua kwamba mteja anaitazama Winamp muda wote anaosubiri CD yake iive. Akafungua skini kwenye Paint, akaandika jina la kibanda na namba ya simu pale juu, penye mstari wa kichwa. Tangazo la bure, linang'aa kutwa nzima. Kisha akaongeza ujanja: akawa na skini mbili, moja ya kijani na njano, nyingine nyekundu na nyeupe. Ikipigwa dabi, mshindi ndiye anayevalishwa Winamp wiki ile. Watani wa jadi walikuwa wanapita pale makusudi, wengine kusifia, wengine kumtukana, na wote wawili wakiishia kuondoka na CD.

Kijana yule hakuwahi kukaa darasa la kompyuta. Lakini mwulize wakati ule zip ni nini, angekueleza. Ndani ya skini kuna faili la maandishi linaloitwa viscolor, lenye mistari 24 ya rangi za ile michirizi inayorukaruka na muziki. Kila mstari una namba tatu. Alibadilisha namba, akahifadhi, akatazama, akabadilisha tena, mpaka akaelewa kwamba 255,0,0 ni nyekundu tupu na kwamba nyekundu ikikutana na kijani kwenye kioo inazaa njano. Mimi leo nafundisha kitu hicho kwa wiki nzima, kwa projekta, na wengine bado mnaninong'onea, "Mwalimu, sijaelewa."

Na ukubwa wake? Ule uso mkuu bila kubanwa haufiki kilobaiti 100, na ukishabanwa skini nzima inakuwa kitu cha kubeba mfukoni. Nasisitiza hilo kwa sababu ninyi mmekuta intaneti imeshanyooka. Mkonga wa SEACOM, ule waya wa intaneti wa chini ya bahari, ulifika hapa Dar mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi satelaiti, polepole na kwa bei ya kukufanya utafakari. Ungeanza kushusha wimbo mmoja, muda wako wa kafe ukaisha haujafika nusu. Skini ilishuka ukiwa hapohapo, ukaiweka kwenye flopi pamoja na wenzake kadhaa, na jioni mtaa mzima wanayo. Ndiyo maana skini zilitufikia mapema namna ile, wakati mambo makubwa ya mtandao yalikuwa bado yako mbali nasi. Zilikuwa nyepesi.

Winamp haikuwa peke yake. Microsoft walikuwa wameanza kuuza mandhari za Windows 95 mwaka 1995 kwenye kifurushi kilichoitwa Plus!, zenye picha, sauti na alama za mausi za kufanana. Windows Media Player ya 7, mwaka 2000, nayo ikaja na skini, mojawapo kichwa cha kijani kama cha kiumbe wa sayari nyingine. Windows XP ya 2001 ikakupa bluu, kijani cha zeituni na fedha, na ile picha ya kilima chenye majani mabichi iliyopigwa na Charles O'Rear kule California mwaka 1996. Nadhani kuna watumishi wa umma mjini hapa waliokitazama kilima kile kuliko walivyoutazama Mlima Kilimanjaro. Ukitaka sura zaidi ya hizo tatu, Windows ilidai mandhari iwe na sahihi ya Microsoft, kwa hiyo mafundi wetu walikuwa wanabandua faili moja la mfumo na kubandika lililochezewa. Mara nyingine kompyuta iliwaka. Mara nyingine haikuwaka.

Msidhani nimekuja kuwauzia uzuri wa zamani. Skini nyingi zilikuwa mbaya. Zilikuwa na maandishi ya kijivu juu ya kijivu, na vitufe vimefichwa ndani ya macho ya fuvu la kichwa. Unabofya jicho la kushoto wimbo unasimama, jicho la kulia programu inafunga. Na kulikuwa na mafaili ya kujiendesha yaliyojiita mandhari za bure, ukiyafungua unapata picha ya dolfini na virusi vya kukutosha mwaka mzima. Wenye kafe walikuwa na haki ya kuchukia.

Lakini kuna mama mmoja mhasibu, ofisi moja ya mtaa wa Samora, ambaye Windows 98 yake ilikuwa nyeusi tii na maandishi ya njano, makubwa. Kila kijana aliyeitwa kurekebisha printa alidhani mashine imeharibika, akitaka kuirudisha "kawaida". Mama alikuwa anawazuia mkono. "Mwanangu, macho yangu ndiyo yaliyochagua rangi hiyo, usiiguse." Windows ya wakati ule ilikuwa na dirisha ambamo unachagua rangi na ukubwa wa herufi kwa kila kipande: mstari wa juu, menyu, vitufe, usuli. Kila kipande peke yake. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaliondoa dirisha lile. Wakabakiza rangi kali za watu wasioona vizuri, ndiyo, lakini ule uchaguzi wa kipande kimoja kimoja ukawa umekwenda.

Kwa nini mambo haya yalikwenda? Mtu mvivu wa kufikiri atawaambia ni fitina za makampuni makubwa. Zipo, lakini tuwe waadilifu.

Kwanza vioo vilikua. Kwenye kioo cha pikseli 800 kwa upana, Winamp ya 275 ilichukua zaidi ya theluthi. Kwenye kioo cha 1920 ni sehemu moja kati ya saba. Picha za BMP hazinyooki. Ukizikuza mara mbili, unaona matofali. Skini ilichorwa pikseli kwa pikseli kwa ajili ya vioo ambavyo leo havipo madukani.

Pili, Winamp yenyewe ilijikwaa. Toleo la tatu, mwaka 2002, lilileta skini za kila umbo na za kila aina, na likawa zito mno kwa kompyuta tulizokuwa nazo. Watu walirudi toleo la pili bila kuombwa. Nullsoft wakaelewa, mwaka 2003 wakatoa toleo la 5, wakitania kwamba mbili jumlisha tatu ni tano. Lilikuwa zuri. Lakini muziki nao ulikuwa umeshaanza kuhamia kwenye simu, kisha ukahamia mtandaoni moja kwa moja, na huko programu inakuja na uso wa mwenye kampuni.

Tatu, na hili ninyi kama watengenezaji mnapaswa kulitazama kwa makini, kuna tofauti kati ya kuacha dirisha wazi na kubomoa ukuta mzima. Kivinjari cha Firefox kiliwaruhusu watu kwa miaka mingi kubadilisha sura yake nzima, na ruhusa hiyo ilifika mpaka matumboni mwa programu. Kila toleo jipya likitoka, mandhari zinavunjika, na wahandisi hawawezi kuhamisha chochote bila kumkanyaga mtu. Novemba 2017, kwenye toleo la 57, wakakata. Mandhari za Firefox leo ni rangi na picha ya juu, hakuna zaidi. Niliudhika siku ile. Baadaye, nilipoanza kuwa na programu zangu zenye watumiaji wanaopiga simu usiku, niliwaelewa kabisa.

Winamp ilikuwa na bahati, au akili, ya kutoa picha na namba peke yake. Mchoraji hakugusa msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kwa hiyo hakuna alichoweza kuvunja zaidi ya ladha. Ndiyo maana leo, zaidi ya robo karne baadaye, skini ya mwaka 1998 bado inafunguka. Kwenye Linux, mfumo huria wa kompyuta, programu ya muziki ya Audacious inazisoma. Jordan Eldredge ameiandika upya Winamp ile ikaweza kuishi ndani ya kivinjari, akaiita Webamp, na amejenga makumbusho ya skini mtandaoni yenye skini zaidi ya 65,000. Ingieni mkaone. Ni watu wengi waliokaa usiku wakichora vitufe vya upana wa pikseli 23, bila malipo.

Na msiseme hamu imekufa. Nyoosheni mikono wenye GB WhatsApp. Msione haya, sitawaripoti. Mnaona? Nusu ya chumba. Mnajua si programu ya WhatsApp wenyewe, mnajua akaunti inaweza kufungiwa, mnajua hamna uhakika nani anasoma mnachoandika, na bado mmeiweka. Nikiuliza kwa nini, wa kwanza atasema kuficha tiki, na wa pili atasema rangi. Watu wamekubali kumkabidhi mgeni mazungumzo yao ya ndani ili wapate usuli wa zambarau. WhatsApp wenyewe wameanza kutoa mandhari za mazungumzo mwaka 2025, wamechelewa miaka. Ukiziba njia halali watu wanaruka ukuta, na upande wa pili wa ukuta kuna wezi.

Ma-DJ wa mjini nao wanalijua hili. VirtualDJ mpaka leo ina skini, na DJ wa ukumbini Sinza anaweza kupanga vitufe vyake vile anavyovitaka mkononi, akaondoa asivyovitumia. Nendeni mkawatazame wakifanya kazi. Hakuna wawili wenye kioo kinachofanana.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Mwishoni mwa 2004, watu wa mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi, ya kuandikia barua na kupiga hesabu, kwa Kiswahili. Menyu zote, maonyo yote. Walio wengi mnadhani kutafsiri programu na kuichora skini ni mambo mawili yasiyojuana. Kwa fundi ni jambo moja. OpenOffice iliweza kusema Kiswahili kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi na maneno yake yalikuwa yamewekwa pembeni, kwenye mafaili yake yenyewe. Winamp iliweza kuvaa rangi za Jangwani na Msimbazi kwa sababu picha zake zilikuwa pembeni vilevile. Hakuna aliyekaa Marekani akafikiria Aggrey. Mtengenezaji aliacha faili nje, na Aggrey ikajihudumia.

Sasa nazifungua kazi zenu, hizi mnazonitumia nizisahihishe. Rangi imeandikwa katikati ya msimbo, mara arobaini, kwenye mafaili tofauti. Neno "Submit" limegandishwa kwenye kitufe, na programu yenyewe ni ya wakulima wa Kilosa. Mkulima akitaka herufi kubwa, hapati. Chama cha ushirika kikitaka kuweka nembo yake, kinakupigia wewe, na wewe umeshahama kazi. Ombi langu ni dogo: rangi, picha na maneno vitoke nje ya msimbo, viwekwe kwenye faili lenye majina yanayoeleweka, na uandike karatasi moja ya kumwambia mtu mwingine lilipo na linavyofanya kazi. Faili moja tu.

Mtasema mteja hataki. Kuna mahali mteja yuko sahihi, na mimi nitasimama upande wake. Ukurasa wa kuingiza namba ya siri ya pesa za simu usifunguliwe kwa mtu yeyote kuuchora, maana atakayewahi kuuchora ni tapeli. Hapo sura moja, imefungwa, na mtumiaji aizoee kama anavyoizoea noti. Lakini programu ya kwaya ya kanisani? Daftari la madeni la duka la mangi? Ratiba ya madrasa? Hizo mnazifungia nini?

Wengine mtaniambia simu za siku hizi, hasa Tecno, zina duka zima la mandhari. Zipo, na watu wanazitumia. Ila tazameni kwa makini: pale unachagua, huchori. Kijana wa Aggrey angeingia pale akakuta mandhari ya simba wa porini, akaipakua, akaishia hapo. Asingejua 255,0,0 ni nini.

Mchana huu, baada ya chakula, nimeweka kompyuta sita kule nyuma zenye Audacious na folda ya skini. Kila kundi lichukue moja, libadilishe kiishio, lifungue, lichore. Anzeni na cbuttons, ni ndogo. Mwenye kujiamini aanze na volume, akumbuke ana picha 28. Mwenye kunakili moja mara 28 nitamjua.

Maswali sasa. Dada mwenye kilemba, anza wewe. Halafu huyo kaka mwenye jezi, ingawa najua utauliza ni rangi zipi zilikaa muda mrefu zaidi pale kibandani, na hilo sitalijibu mbele za watu.